Nywele za Mtu, Uso wa Mti

Lipiko, kinyago cha ngoma cha Wamakonde, huvaliwa kichwa kizima, si usoni tu. Mchongaji wa Kimakonde hulichonga kwa mti mwepesi, hulikomba ndani hadi kuta zake ziwe nyembamba, kisha akili yake yote huielekeza usoni: kope zilizovimba, pua yenye mpindo wake, meno yaliyochongoka, pambo la ndona kwenye mdomo wa juu ikiwa uso ni wa mwanamke. Chale za mashavuni pengine hazikukatwa kwa kisu. Zimejengwa kwa nta ya nyuki ili ziinuke. Nywele ni nywele za mtu kwelikweli, zimegandishwa juu ya fuvu la mti na kunyolewa kwa mtindo wa wakati wake. Mchezaji hulivaa akiliinua uso juu, akaona njia kupitia kinywani mwa kinyago. Mwili wake hufunikwa nguo kuanzia shingoni hadi vidoleni, pasionekane ngozi.

Mwanafunzi wa sekondari aliyefundishwa kwamba uhalisia ni kuakisi mambo yalivyo angelipa lipiko alama zote. Hakuna kilichosahauliwa. Hata hivyo, ufundi huo wote wa kufananisha ulikuwa na kazi ya kusema neno lililo kinyume kabisa: huyu mnayemwona akiruka si mtu. Wanawake, na wavulana ambao hawajaingia jandoni, waliambiwa kwamba ni mfu aliyerudi. Kadiri uso ulivyofanana zaidi na uso wa mtu, ndivyo dai hilo lilivyotisha zaidi. Kichwa chenye nywele halisi juu ya mwili usio na ngozi humsumbua mtazamaji kuliko dude lolote la pembe na mikia, kwa sababu jicho linasema mtu na akili inakataa.

Wanawake walijua. Wataalamu kadhaa walioishi na wachezaji wa mapiko, kama ngoma ya vinyago hivi inavyoitwa, wameliandika hilo: mama aliyekimbia akipiga mayowe alimtambua mwanawe kwa mwendo wake, na bado alikimbia, kwa kuwa kukimbia kulikuwa sehemu yake katika ngoma. Wahenga walisema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Lakini kijiji kizima kinaweza kukubaliana kutishwa, na makubaliano hayo ni jambo halisi kama mti wenyewe. Yana nguvu ya kumtoa mvulana kwenye utoto na kumwingiza katika utu uzima ndani ya msimu mmoja.

Nimeanza na lipiko kwa sababu mazungumzo yetu mengi kuhusu uhalisia, yawe ya darasani, ya magazetini au ya kijiweni, huchukulia kwamba kitu halisi kipo pale, kimekaa kinasubiri, na kazi ya msanii au mwenye fikra ni kukinakili bila kukipotosha. Pwani ya Mtwara na nyanda za juu zinazoutazama mto Ruvuma zimenifundisha kuuliza swali jingine kabla ya hilo. Kipimo kimeshikwa na nani?

Mwaka 1906, wakati majivu ya vita vya Maji Maji bado yana moto, Mjerumani Karl Weule alipita kusini mwa Tanganyika na kufika Newala na Mahuta. Alikuja na kamera ya picha, mtambo wa kunasa filamu na fonografu ya kunasa nyimbo. Hakuna aliyewahi kuja kusini na vyombo vingi vya ukweli namna hiyo. Alipiga picha watu, akanasa ngoma, akanunua vinyago kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Kazi yake ina thamani hadi leo, na mjukuu wa Newala akitaka kuona mitindo ya chale za babu zake ataikuta humo. Lakini kinyago kilichonunuliwa na kupakiwa sandukuni hakina tena mtu wa kukikimbia. Kila undani wake umehifadhiwa. Kilichoondoka ni kile kilichofanya undani huo uwe na maana. Kamera ilipima umbo, na umbo ikalipata.

Sasa tuvuke mto. Wamakonde wa Msumbiji, wale ambao Watanganyika waliwaita Wamavia, walikuwa wakivuka Ruvuma kwa miaka mingi kutafuta kazi, hasa katika mashamba ya mkonge. Mto huo ulikuwa mpaka kwenye ramani tangu mapatano ya Wajerumani na Wareno ya 1886. Mdomoni mwake, ukanda mdogo wa Kionga ulichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaurudisha mwaka 1916, na baada ya vita mkataba ukawapa rasmi. Ramani zilibadilika, watu waliendelea kusubiri maji yapungue na kuvuka, kwani shangazi yupo ng'ambo na ukoo ni mmoja. Wenye ramani waliliona jambo hilo kuwa ukaidi. Mimi naliona kuwa uhalisia wa watu wanaojua ndugu zao walipo.

Katika miongo ya kati ya karne iliyopita, wavukaji hao walileta ufundi ambao ulikuwa tayari na mnunuzi. Wareno, kuanzia watawala, wamisionari hadi wafanyabiashara, walikuwa wamewaagiza wachongaji sanamu za watu: mwanamke mwenye mtungi kichwani, mzee na fimbo yake, mkulima na jembe. Aina hiyo wachongaji wenyewe waliiita binadamu. Mti ulibadilika pia. Mahali pa mti mwepesi wa lipiko pakaja mpingo, mti mgumu unaozama majini, wenye kiini cheusi kilichozungukwa na gamba la rangi ya maziwa, na unaohitaji miongo mingi kukomaa. Mchongaji huanza na tezo, humalizia kwa patasi ndogo, kisha msasa, mkono baada ya mkono, hadi weusi ung'ae wenyewe.

Binadamu ni kazi ya kuheshimiwa. Nimeona mikono ya mpingo ambayo mishipa yake unaweza kuihesabu, na sipendi watu wanaoidharau kwa kuiita sanaa ya watalii. Ila tuseme ukweli wake. Mwanamke yule wa mtungi alichongwa jinsi mnunuzi alivyotaka kumwona: amenyooka, hana uchovu, hana neno. Mbeba mtungi wa uwanda wa Makonde alikuwa akishuka bondeni alfajiri kutafuta maji, kwa sababu juu kule vijito havipo, akarudi akipanda mteremko na mzigo wake huku jua limeshakuwa kali. Shingo yake ilikuwa na habari za kusimulia. Sanamu ilimnakili kila kitu isipokuwa mteremko. Ikiwa kufanana ndiko uhalisia, basi binadamu ni kilele chake. Nami nasema kilikuwa kilele cha kipimo cha mtu mwingine.

Wafaransa walikuwa wamelipigania jambo hili karne moja nyuma. Gustave Courbet alichora wapasua mawe wawili mwaka 1849, mmoja kijana na mmoja mzee, nguo zimechanika, nyuso hazionekani vizuri, katika turubai kubwa ambayo desturi ya wakati ule iliwawekea wafalme na watakatifu. Mwaka 1855, baada ya picha zake kadhaa kukataliwa kwenye maonesho makubwa ya Paris, alijenga banda lake mwenyewe na kuliita la Uhalisia. Inasimuliwa kwamba alikataa kuchora malaika kwa hoja kwamba hajawahi kumwona. Hoja hiyo ilikuwa ya kimapinduzi mjini Paris, kwa sababu malaika pale walikuwa mali ya wenye nguvu na wapasua mawe hawakuwa na mchoraji. Ukiichukua hoja ileile ukaipeleka kwa mchongaji wa Kimakonde aliyeketi chini ya mwembe Dar es Salaam mwaka 1959, inageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Mchongaji huyo tunamjua kwa jina. Samaki Likankoa alikuwa mmoja wa waliomuuzia kazi Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa Dar es Salaam aliyekuwa na jicho kali na uvumilivu wa kuwaacha wachongaji wajaribu. Kisa kinachosimuliwa sana ni kwamba sanamu ya binadamu aliyokuwa akiichonga Samaki ilivunjika. Badala ya kuitupa, aliiendeleza ilipovunjikia, akaigeuza kuwa kiumbe wa porini ambaye alikuwa amesikia habari zake tangu utotoni, akampelekea Peera akiwa na wasiwasi kama kitapata mnunuzi. Kilinunuliwa. Kikaagizwa kingine. Aina ya shetani ikazaliwa hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1950: jicho moja, mguu ulioota kutoka shavuni, ziwa linalonyonywa na mdomo wake mwenyewe, mwili wenye matundu ambamo hewa nayo imechongwa.

Wengi waliandika kwamba hapo Wamakonde waliacha uhalisia. Siwezi kuafiki. Mtu aliyelelewa akijua kwamba nje ya kijiji yupo pepo Nandenga, na kwamba jirani aliyetoweka huenda amechukuliwa ndandosha akalima usiku katika shamba la mchawi, hachongi ndoto. Anachonga kitu kinachoamua saa ngapi mtoto aruhusiwe kwenda mtoni na ni nani asikopeshwe jembe. Unaweza kukataa kwamba Nandenga yupo, na mimi sina ushahidi wa kukubishia. Huwezi kukataa kwamba hofu yake imepanga njia za kijiji. Na hii ndandosha, mtu anayefanyishwa kazi bila malipo na bila kuonekana, ilisimuliwa na watu waliotoka katika nchi ambamo Wareno waliwakamata wanaume kwa kazi za shuruti na kuwalazimisha kulima pamba. Niambie ni ipi iliyo karibu zaidi na maisha yao: ndandosha, au mwanamke wa mtungi asiye na uchovu?

Mnamo miaka hiyohiyo Roberto Yakobo Sangwani naye alikuja kutoka Msumbiji na kitu kipya. Alichonga mshindi wa mieleka akibebwa juu na wenzake, mwili juu ya mwili, kutoka gogo moja. Wachongaji waliita kazi hiyo dimoongo, nguvu ya mshindi. Wengine wakaipokea, wakaongeza watu, gogo likarefuka, mshindi akasahaulika taratibu, na mkazo ukawa juu ya wale wanaobebana. Ilipotangazwa siasa ya Ujamaa katika Azimio la Arusha mwezi Februari 1967, mchongo ukapata jina la taifa. Leo ukienda Mwenge, kwa wauza vinyago wa Dar es Salaam, ukiuliza dimoongo huenda muuzaji kijana akakutazama tu, lakini ukisema ujamaa atakuonesha kuanzia wa kushika kiganjani hadi unaokupita kimo.

Hapo tena kipimo kilihamia mkono mwingine. Serikali iliona mshikamano wa vijiji, mtalii akaona mti wa ukoo, Sangwani alikuwa ameona kijana aliyeshinda pambano. Gogo halikubadilika. Sisemi kwamba maana ya kwanza ndiyo pekee ya kweli. Wachongaji wenyewe waliikubali ya pili, wakaichonga kwa moyo, na wengi wao waliishi kwa kushikana namna ileile katika mabanda ya mji wa kigeni. Nasema tu kwamba sanamu inaweza kuwa ya kweli mara mbili kwa sababu mbili tofauti.

Aliyeliona hili waziwazi kuliko wote ni George Lilanga, mzaliwa wa kusini mwaka 1934, Mmakonde aliyeingia Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam miaka ya 1970 kama mlinzi na kuishia kuwa mmoja wa wasanii wa Kitanzania wanaojulikana zaidi duniani, hadi alipofariki mwaka 2005. Lilanga aliwatoa mashetani porini akawapeleka mjini. Wana masikio makubwa, matumbo mviringo na vidole viwili vitatu, na wamejaa rangi. Lakini shughuli zao ni zetu. Wanakwenda hospitali, wanagombana, wanapika, wanacheza ngoma, wanasubiriana. Picha nyingi alizipa majina marefu ya Kiswahili, sentensi nzima za mazungumzo ya uani. Mtu akitaka kujua jinsi maisha ya uswahilini yalivyosongamana katika miaka ile, namshauri atazame mashetani ya Lilanga kabla ya picha za posta za mji.

Fasihi yetu imepita njia ileile, na wasomaji wengi hawakuisamehe. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971 alipewa sifa na lawama za mhalisia: msichana, baba mkali, shule, mimba, yote bila pazia, hata kitabu kikazuiwa mashuleni kwa muda. Alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, watu walewale walilalamika kwamba amepotea: mji usio na mahali, wanaozungumza ni vivuli, hadithi haina mwanzo wa kushika. Nimezisoma tena zote tatu nikifikiria pale ilipovunjikia sanamu ya Samaki. Mwandishi aliyeona ahadi za kijamaa zikifa, lugha ya majukwaa ikiendelea kama kwamba hakuna kilichokufa, angeweza kuendelea kuchonga watu walionyooka. Aliona kwamba umbo lile limeshavunjika, akaliendeleza lilipovunjikia.

Nje ya sanaa, sifa ya uhalisia hutolewa kwa urahisi zaidi, na kwa kawaida hujipa mwenyewe yule mwenye takwimu. Bandari ya Mtwara yenyewe ni zao la watu waliojiita wakweli wa hesabu. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield ulizunguka Tanganyika na nchi jirani kwa wiki tisa, sehemu kubwa ukitazama ardhi kutoka angani, ukarudi na mpango wa mashamba 107 ya karanga, kila moja ekari 30,000, jumla zaidi ya ekari milioni tatu. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Kusini kulipangiwa sehemu kubwa, Nachingwea ikawa kitovu, reli ikajengwa, na gati la kina kirefu likaanzishwa Mtwara. Mpango ukaachwa mwaka 1951, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mashine zilivunjika kwenye visiki, mvua haikufuata jedwali, udongo wa Kongwa, katikati ya nchi, ulikauka ukawa mgumu kupita jembe lolote. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kilichobaki ni gati, na mji uliopangwa kwa barabara pana za watu ambao hawakuja.

Makabrasha yale yalikuwa na kila dalili ya uhalisia: tarakimu, ramani, gharama kwa ekari. Mkulima wa kusini aliyekuwa akipanda karanga zake kidogo kati ya muhogo na mtama hakuwa na hata moja ya dalili hizo. Alikuwa na kumbukumbu ya miaka mvua ilipokatika katikati. Kumbukumbu hiyo haikuingizwa kwenye mpango kwa sababu haikuwa na safu yake katika jedwali, na aliyechora jedwali alidhani kwamba kisicho na safu hakipo. Miongo mingi baadaye, gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa mwaka 1982 ilipopangiwa bomba la kwenda Dar es Salaam, watu wa Mtwara waliandamana, na Mei 2013 mji ukaingia katika vurugu zilizogharimu maisha. Waliambiwa wawe wakweli, gesi ni ya taifa, na ni kweli ni ya taifa. Lakini kizazi kilichokulia pembeni ya gati la karanga kilikuwa na sababu ya kuuliza ni nini kitakachobaki hapa baada ya mitambo kuondoka, na swali hilo lilikuwa na historia nyuma yake.

Nimebakiza uhalisia wa nyumbani, ule wa mtu kusema: hivi ndivyo ilivyo, nifanyeje. Mtwara una jina, kangomba. Ni chombo cha kupimia korosho kisicho rasmi, na biashara yenyewe huitwa kwa jina hilo. Katikati ya mwaka mikorosho inataka dawa ya salfa, ghala la chakula limeshaonesha sakafu, mtoto anatakiwa shule, na unyago wa mwezi wa Desemba hauahirishwi kwa sababu baba hana fedha. Mtu anakuja na noti mkononi, ananunua korosho ambazo bado ni maua, kwa bei ndogo kuliko ya mnada, na msimu ukifika anapima kwa chombo chake mwenyewe. Mkulima anajua anapunjwa. Hadanganyiki hata kidogo. Anachagua punje chache za leo dhidi ya nyingi ambazo mwanawe hawezi kuzisubiri.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanzishwa Mtwara mwaka 2007 ulikusudiwa kumtoa huko: korosho ziende chama cha msingi cha ushirika, zipimwe kwa mizani, ziuzwe mnadani chini ya vyama vikuu kama TANECU na MAMCU. Mizani ni halali, na bei za mnada mara nyingi zimekuwa nzuri. Kilichoupa kangomba uhai ni muda kati ya kupima na kulipwa, na miezi ya kabla ya hapo ambayo hakuna mizani inayoifikia. Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, zikabebwa na jeshi. Kabla ya malipo ukaja uhakiki: timu ziliwafuata wakulima kuthibitisha kwamba korosho zilitoka katika mashamba yao, ili wenye kangomba wasilipwe. Ilikuwa haki kuwatafuta. Lakini mwenye kangomba alikuwa ameshampa mkulima fedha mwezi wa Julai, na korosho zile kwenye ghala, ukizifuata hadi kwenye mti, zilikuwa za mkulima.

Wanaomlaumu mkulima wa kangomba kwa kukosa upeo wanafanya kosa la Wakefield kwa kipimo kidogo: wanatazama shamba lake kutoka juu, mwezi wa Novemba, likiwa na mavuno. Wangelitazama Julai wangeona hesabu yake imekamilika, na kwamba kinachokosekana ni mkopo mdogo wa salfa na unga kwa riba inayobebeka, utolewe na chama chake cha msingi kabla ya maua, na fedha za mnada ziingie siku zilizoahidiwa. Mwenye kangomba amekuwa akiifanya nusu ya kazi hiyo miaka yote, bila ofisi na bila fomu. Anajua kila nyumba inaishiwa unga mwezi gani.